Wiki Moja ya Novemba Niliyokuficha

Nasimiyu mwanangu,

Umeenda Garland na gari la babako kumuaga shangazi yako, naye amelichukua lako kwenda kupima upepo wa matairi mara ya tatu leo, utadhani gari lenyewe ndilo linaloolewa. Mimi nimebaki na meza ya jikoni na maboksi yako mlangoni, na kiyoyozi kinanguruma mwezi wa kumi na moja kana kwamba ni Julai. Hapa Mansfield, Texas, nyasi bado ni za kijani. Kule uendako, ulimwambia babako nikisikia, wiki hii wanatarajia barafu.

Nakuandikia kwa Kiswahili, na najua utasoma polepole huku midomo ikicheza, kama ulivyokuwa ukisoma Zaburi kanisani ukiwa na miaka tisa. Nivumilie. Kwa Kiingereza mimi ni nesi. Miaka mingi nimewaambia watu habari mbaya kwa Kiingereza, kwa sauti ile ile tulivu ya kazini, na hili sitaki kukuambia kwa sauti hiyo.

Habari za koti, soksi na namna ya kuwasha gari asubuhi ya baridi sitakuandikia. Babako amekuandikia orodha ya kurasa mbili, na chini ya maneno "mafuta yasishuke nusu tangi" amepiga mstari mara mbili. Mtii. Mimi nina jambo moja tu, na nimelibeba tangu kabla hujazaliwa.

Unaikumbuka Jumapili ile uliponionyesha barua ya kazi. Tulikuwa tumetoka kanisani, hata viatu vya kubana sijavua. Ukasema ni redio ndogo ya wakulima huko Iowa, wanataka mtu wa hali ya hewa, wa kuwaambia mvua itakoma lini wavune na baridi kali itashuka lini wafunike mali yao. Ulikuwa unacheka. Nilikusomesha nikitaka uwe daktari, ukaniambia unataka kusoma mawingu. Nikameza, nikazoea, mwishowe nikawa najisifu kwa kina mama wa kanisa kwamba binti yangu anajua mvua kabla Mungu hajaitangaza. Lakini siku ile sikukupongeza.

"Huko watu hawasalimiani," nilikuambia. "Utakufa na baridi ndani ya nyumba na hakuna jirani atakayejua."

"Mum, you always say that. Na ulikaa huko three months tu."

"Zilinitosha."

"Si basi uniambie kilihappen nini? Like, walikufanyia nini hao watu?"

Mimi nikibanwa na swali huwa natafuta jiwe. Nikasema, "Nenda. Lakini ukikwama huko, usinipigie simu."

Babako aliweka kijiko chini. "Mama Nasi," akaniambia, "hilo neno lirudishe." Sikulirudisha. Wiki tatu sasa tumekuwa tukisalimiana kama wapangaji wa ploti moja: umeamkaje, nimeamka vizuri, umekula, nimekula. Nikisikia gari lako likiingia jioni, najitafutia kazi chumbani. Kesho asubuhi unaondoka, na sitaki uende na neno lile ndani ya gari. Ndiyo sababu ya barua hii.

Uliniuliza walinifanyia nini. Hawakunifanyia chochote kibaya, Nasimiyu. Watu wa mji ule walinitendea mema, nami nikawakimbia. Miaka yote hii nimekudanganya.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Babako alikuwa Houston, analala sebuleni kwa rafiki yake huku akitafuta leseni ya kuendesha lori. Mimi nilitangulia kupata kazi, Iowa, kwenye nyumba ya wazee, kupitia msichana niliyesoma naye Kimilili. Alinipokea Septemba, akanitafutia chumba na jiko juu ya gereji ya mtu, na kabla mwezi haujaisha akaolewa, akahamia mji mkubwa. Nikabaki peke yangu. Tuseme wawili, maana wewe ulikuwa tumboni, miezi minne, na aliyejua ni babako tu. Kwetu mimba haitangazwi, na sweta langu lilikuwa pana.

Mji wenyewe ulikuwa barabara moja, taa moja ya trafiki, kanisa, na maghala ya chuma ya mahindi yaliyolipita kanisa kwa urefu. Mji wako si ule, niliangalia kwenye ramani, lakini hauko mbali. Na hili nalo sikuwahi kukuambia: mji wangu ule ulinukia kama nyumbani. Walikuwa wakikausha mahindi, na harufu ile ya mahindi makavu na vumbi la magunzi ilinikuta asubuhi nikienda kazini. Nikasimama pale pale barabarani, nikamwona akilini baba yangu akipura mahindi uani, amefunga leso puani. Nililia kidogo, kisha nikaendelea, maana zamu ilikuwa inaanza.

Ng'ambo ya barabara aliishi Bi Doris, mjane wa miaka themanini na kitu. Siku yangu ya pili alivuka na bakuli la kioo, zito, limefunikwa kwa karatasi ya fedha. Ndani kulikuwa na kuku, tambi na viazi, vyote vimeokwa pamoja. Akaniuliza jina langu, akalirudiarudia mpaka likamkaa: Evalini. Akasema, "Bakuli ni langu, chakula ni chako," akacheka na kurudi kwake.

Nilikula siku tatu. Nikaosha bakuli likang'aa. Halafu nikakwama. Wewe umezaliwa hapa, utanicheka, lakini kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Akikuletea mboga, sufuria yake inarudi na ndizi, au mayai mawili, au hata viazi vitamu vya jana. Mama yangu aliwahi kunirudisha njiani nikiwa na kikapu kitupu cha jirani, akanipa maboga nibebe, na nikabeba nikinung'unika. Mkono mtupu haulambwi, alisema. Nilikulia ndani ya methali hiyo, sikujua kwamba kuna mahali inaweza kumuumiza mtu.

Nikaamua nitampikia Bi Doris chapati. Ila wewe, mama, hukutaka kabisa kusikia mafuta ya moto. Kila nikiweka kikaango jikoni nilikimbilia sinki. Wiki ikapita, ikapita nyingine, na bakuli likakaa juu ya friji. Kisha aibu ikaingia. Nilianza kumkwepa. Nikimwona barazani, napitia kichochoro cha nyuma. Akinipungia mkono, najifanya natafuta funguo mkobani. Mwanamke aliyenikaribisha kwa kuku, nikawa namwogopa kuliko polisi.

Sasa nikueleze ile wiki, wewe mtaalamu, uniambie kama vitabu vyako vinaijua.

Jumatatu kulikuwa na joto. Mwishoni mwa Novemba, watu mikono wazi, madirisha wazi, wanaume wanaosha magari. Nilidhani nimesikia vibaya habari zote za baridi ya Amerika. Bi Doris alikuwa ametoa kiti nje.

"Evalini! Njoo ukae. Joto hili ni la uongo, halitarudi tena."

"Nachelewa kazini," nilimjibu. Nilikuwa na saa nzima.

Akaweka mkono gotini. "Jumatano mvua. Ijumaa mbaya zaidi. Goti hili halijawahi kunidanganya." Usiwaambie wakubwa wako, lakini goti la Bi Doris liliisoma wiki nzima bila kukosea hata siku moja.

Jumanne ukaja upepo. Mti wa mbele ya nyumba yake ulikuwa na majani ya manjano asubuhi, na jioni haukuwa na hata moja. Mashambani walivuna wakikimbizana na mvua, vumbi likafunika jua. Pipa la taka la Bi Doris lilibingirika mpaka chini ya ngazi zangu. Nikalichukua, nikavuka, nikaliegemeza ukutani kwake kimya kimya, nikatoka mbio kama mwizi wa kuku. Yaani pipa la taka nilirudisha tupu bila wasiwasi wowote, na bakuli la chakula likanishinda.

Jumatano ikanyesha. Si mvua ya kwetu Bungoma, ambayo huja alasiri na kelele zake, ikamaliza hasira ikaenda. Hii ilikaa, nyembamba na baridi, kutwa nzima. Kazini wazee waligeuza viti vyao kuelekea dirishani na hawakuzungumza sana. Nami nilitembea kurudi nyumbani nikimwaza babako, na Houston, na kama huko pia watu hukaa kimya mvua ikinyesha.

Alhamisi mawingu yakatawanyika, na baridi kavu ikashuka. Asubuhi jalidi ilikuwa nyeupe juu ya majani, na madimbwi ya barabarani yamekuwa vioo. Siku hiyo mpishi wa nyumba ya wazee alikuwa akikaanga vitunguu, nikapita mlangoni, na tumbo halikugeuka. Nikarudi nikapita tena kuhakikisha. Ulikuwa umeniruhusu. Nikitoka kazini nilinunua unga na mafuta. Ijumaa ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Kesho, nikajiambia, kesho bakuli linarudi kwa heshima.

Ijumaa niliamka nikasikia kitu kama mchanga unarushwa dirishani. Ilikuwa mvua inayoganda ikigusa chochote. Wewe unajua jina lake na sababu yake. Mimi nilikuwa sijawahi kuiona. Kila tawi, kila waya wa umeme, kila unyasi ulikuwa umevikwa kioo. Ilikuwa nzuri mpaka nikaweka kiganja dirishani nikasahau chai. Matawi yalikuwa yakivunjika moja baada ya jingine huko mbali, na zaidi ya hapo hapakuwa na sauti ya mtu wala gari.

Saa sita mchana nilitazama ng'ambo. Taa ya baraza ya Bi Doris ilikuwa inawaka. Gazeti lilikuwa kwenye ngazi, chini ya barafu. Na pazia la jikoni lilikuwa limefungwa. Bi Doris alifungua pazia lile saa moja asubuhi kila siku ya Mungu. Nilijua, kwa sababu mtu unayemkwepa unaijua ratiba yake kuliko yako.

Hapa ndipo huwa naruka kila nikijisimulia mwenyewe, kwa hiyo leo nitasimama. Nilijua maana ya pazia lile. Kazi yangu ilikuwa kuchunga wazee. Nilifunzwa darasani kabisa, mzee akivunja mazoea yake, nenda ukamwone. Niliinuka, nikachukua koti. Nikaona bakuli juu ya friji. Nikajiuliza, nitaendaje mikono mitupu baada ya wiki kumi? Nikienda na bakuli tupu, aibu. Nikienda bila bakuli, ataliulizia. Ngoja nimalize chapati, niende kama mtu. Nikatundika koti, nikapima unga.

Nikakanda. Nikaacha unga upumzike, maana chapati za haraka huwa ngozi ya ngoma. Nikasukuma, nikapaka mafuta, nikakunja, nikasukuma tena. Nikachoma kumi na mbili kwa sababu niliona sita zitafanana na uchoyo. Kila nikigeuza moja nilitazama dirishani, na pazia lilikuwa vile vile, na nikachukua nyingine.

Ilikuwa saa tisa na nusu nilipovuka barabara, bakuli limefunikwa kwa taulo, nikishikilia kila kilichoshikika. Nilibisha. Nikasikia sauti ndogo sana: "Mlango uko wazi."

Alikuwa sakafuni, kati ya meza na jiko. Alikuwa hapo tangu saa kumi na mbili asubuhi. Alitoka kuchukua gazeti, akaona hawezi kulifikia, akarudi ndani na viatu vyenye barafu, akateleza. Nyonga ilikuwa imevunjika. Simu ilikuwa ukutani, juu. Alikuwa amevuta zulia dogo la mlangoni akajifunika miguu. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Alinitazama, akatazama mikononi mwangu, akasema, "Umelileta."

Niliita ambulensi. Wakasema barabara ni mbaya, watachelewa. Nikamfunika koti langu na kila blanketi nililolikuta, kisha nikalala sakafuni kando yake nimpe joto, na wewe ukawa katikati yetu, unarusha miguu. Nikauchukua mkono wake nikauweka pale pale. "Nani huyo?" akauliza. Nikamwambia. Alikuwa mtu wa kwanza Amerika nzima, mbali na babako, kujua kwamba upo, na alicheka, Nasimiyu, akiwa na mfupa uliovunjika.

Jumamosi theluji ikaanguka, ya kwanza maishani mwangu, na sikuitazama. Jumapili nilienda kanisani kwao kwa sababu walinijia mlangoni wakiomba niende. Mchungaji akaniita mbele. Akasema mgeni huyu amemwokoa dada yetu. Watu wakasimama wakapiga makofi, wanaume wa shamba wenye mikono mikubwa wakafuta macho. Nilisimama pale na sweta langu. Sikuweza kusema, "Niliona saa sita." Wiki hiyo walileta nguo za mtoto, kitanda cha mtoto, na mabakuli. Mabakuli sita jikoni kwangu, yote ya kurudishwa.

Bi Doris alitoka hospitali akaletwa kwenye nyumba ya wazee, zamu yangu. Wiki mbili nilimwogesha na kumvisha. Kila mgeni akija aliambiwa, "Huyu ndiye aliyekuja kwa wakati." Nilikuwa naenda chooni kukaa.

Siku moja nikimchana nywele akaniambia, "Unajua lile bakuli niliacha kusudi? Nikimpa mtu chakula kwenye sahani ya karatasi, haonekani tena. Nikimpa bakuli, lazima arudi. Sikutaka bakuli, Evalini. Nilitaka urudi."

Nikaendelea kumchana. Ungekuwa wakati wa kumwambia, tulikuwa wawili tu na mlango umefungwa, lakini nilifikiri kwanza nitafute namna nzuri ya kulisema. Wiki iliyofuata nilimwambia nitamwona Jumatatu, na Jumapili nikapanda basi la Houston. Ukazaliwa huko Februari. Nyumbani ni kiangazi mwezi huo, tukakuita Nasimiyu, yaani wa kiangazi, jina la nyanya yako, ingawa nje siku ile kulikuwa na mvua ya Texas isiyo na adabu.

Bi Doris alifariki Aprili. Binti yake alinitafuta mpaka akanipata, akaniandikia barua ndefu ya shukrani. Alisema mamake aliniulizia kila Jumatatu. Sikumjibu. Nilikuwa nangoja nipate maneno. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hili limekuwa likiniuma kwa muda wa umri wako wote.

Watu waliponiuliza kwa nini nilitoka Iowa, nikasema ni baridi. Wakiuliza zaidi, nikasema watu wa huko hawasalimiani. Ilinitoka kirahisi. Nikakuambia na wewe, ukiwa mdogo, nikairudia mpaka nikaanza kuiona kweli. Niliwatukana watu waliopiga makofi kwa ajili yangu, kwa sababu ilikuwa nafuu kuliko kusema mamako aliona pazia limefungwa akakanda unga.

Babako hajui. Leo jioni nitamwambia.

Na usidhani nilijifunza haraka. Unakumbuka ulipokuwa darasa la kumi, ulipoachwa nje ya timu ya mpira na rafiki yako yule akakugeuka wiki hiyo hiyo? Nilikusikia ukilia chumbani. Nilisimama mlangoni nikiwa nimeshika kitasa. Kisha nikaenda jikoni nikapika pilau, kuku wa kukaanga na kachumbari. Nilipokuja na sinia ulikuwa umelala na nguo za shule. Asubuhi uliniambia, "Thanks for the food, Mum." Nilijua nimefanya tena, na sikujua jinsi ya kusema. Ndivyo nilivyokulea, mwanangu. Kila ulipoumia nilileta chakula baadaye kidogo. Ulishiba, naamini, lakini kuna siku ulihitaji tu mtu akae ukingoni mwa kitanda bila kitu mkononi, nami sikuwa huyo mtu. Nisamehe kwa siku hizo. Ninazikumbuka nyingi kuliko unavyodhani.

Na hizi wiki tatu ni hivyo hivyo. Siku ya pili tu baada ya kukuambia lile neno nilitaka kulirudisha. Nikasema ngoja nipate maneno yanayofaa. Nikakununulia koti. Nikakununulia buti. Nikakupikia kila kitu unachopenda na kukiacha juu ya jiko na kujifungia chumbani. Koti zuri, najua ulilijaribu, nilisikia zipu.

Sasa nasema bila mapambo: nilikosea. Ukikwama, nipigie. Usipokwama, nipigie pia. Nipigie ukiwa huna la kusema, uniambie tu upepo unatoka wapi, nitasikiliza kama wakulima wako wanavyosikiliza. Siogopi baridi ya Iowa, mama. Ninachoogopa ni wewe kuwa sakafuni mahali fulani, kwa mwili au kwa moyo, na mtu mwenye nia njema ng'ambo ya barabara anangoja awe tayari. Ninaogopa zaidi mtu huyo akiwa mimi.

Utakutana na wabaya pia, sikudanganyi tena kwa upande wa pili. Kuna watakaokuangalia dukani kama umeiba. Lakini kama mama mzee atavuka barabara na chakula, kipokee, ukile, na kesho yake mrudishie chombo chake kikiwa kitupu kabisa. Nyanya yako atageuka kaburini, mwache ageuke. Keti kwake nusu saa. Muulize habari za goti.

Na kama jukumu litakuangukia siku moja ukafika umechelewa, kama nilivyochelewa mimi, wakakupigia makofi, sema. Mapema. Hata kama sauti inatetemeka. Mimi nilifikiri siri hii itapoa nikiiacha, kumbe ndiyo niliyokupikia miaka yote, nawe ukala ukidhani ni hekima ya mama.

Limebaki moja. Jana niliomba ruhusa kazini, siku nne. Babako anasema kuna nafasi kiti cha nyuma, kati ya maboksi na ile feni ambayo hutaihitaji huko lakini amekataa kuiacha. Nataka kwenda nanyi. Nataka kuiona nyumba utakayokaa, nijue mlango wako uko upande gani nikikufikiria. Nimekusanya nguo kwenye mkoba mdogo, lakini sijautoa chumbani. Hii ni safari yako. Sitaingia kwenye gari lako kwa sababu mimi ni mamako. Nitaingia ukiniambia niingie. Ukisema hapana, nitaelewa, nitakuombea hapo hapo barabarani na kukupungia mpaka mpinde kona, na hutaniona nikinuna.

Nilikuwa nimepanga kukuuliza kwa maneno mazuri. Nimeyaandika mara mbili nikayakata. Nilitaka pia kuikunja barua hii vizuri, niiweke chini ya ufunguo wa gari uikute asubuhi, mimi nikiwa bado kitandani.

Nasikia gari linaingia. Ni wewe, babako huwa anapiga breki kabla ya kona.

Sijui nitasema nini. Natoka nje kukulaki.

Mimi mamako,
Evalini